Zimeni AC ya kitanda namba nne

Mimi ni nesi wa ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, hapa Mtwara, huu ni mwaka wa tisa. Hii stori nimekaa nayo muda mrefu, kila nikitaka kuiandika naona kama nawasema watu, ila nimeamua niandike tu maana najua kuna mwenzangu huko Lindi au Masasi au Tandahimba siku moja atakutana na mgonjwa kama huyu saa saba za usiku, yuko na daktari mmoja na monita mbili, na mimi ningependa mtu angeniambia haya kabla sijakutana nayo. Hospitali siitaji, mgonjwa simtaji, na baadhi ya vitu nimevibadilisha ili asijulikane.

Ilikuwa Novemba, lile joto la Mtwara la kabla ya mvua, korosho zinauzwa, mji una hela, bodaboda zinakimbia usiku kucha kwa hiyo ICU imejaa majeruhi wa ajali. AC zote mbili ziko 18. Hiyo 18 hakuna aliyewahi kuiuliza, ukiingia zamu unaikuta, ukitoka unaiacha, na ukweli sisi wenyewe tulikuwa tunaifurahia maana nje huko hakukaliki.

Akaletwa mama mmoja wa miaka arobaini na kitu, anauza samaki pale Feri. Alikuwa amelala wodi ya kawaida siku mbili kwa nimonia, kikohozi kikavu kama siku kumi hivi, homa inakwenda inarudi, anapigwa seftriaksoni na nafuu hamna, halafu asubuhi ya siku ya tatu macho yamekuwa ya njano na mkojo umebadilika, ukiutazama kwenye mfuko ni kama chai ya rangi iliyokolea ikasahauliwa kwenye sufuria. Hb, yaani kiwango cha hemoglobini kwenye damu, 5.8. Anahema juu juu, mapigo 130, na kile kibanio cha oksijeni cha kidoleni kinasoma 76, mara 81, mara hakisomi kabisa. Basi akaja kwetu, kitanda namba nne, ambacho kiko chini kabisa ya AC.

Sasa huku kwetu kusini mtu akija na homa, damu imeshuka, macho ya njano na mkojo mweusi, kichwa cha kila mtu kinakwenda kwenye malaria, na sio kosa maana malaria tunayo kweli na inafanya hayo yote. Lakini mRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria, ilikuwa hasi, slaidi hasi, ikarudiwa hasi. Sikoseli hasi. Tukauliza kama amekunywa dawa za salfa au dawa yoyote ya kienyeji, maana kuna watu damu yao ikikutana na dawa fulani chembe zinapasuka, binti yake akasema hapana, ni panadoli tu na dawa ya kikohozi ya dukani. Kwa hiyo ikaandikwa kwamba ni maambukizi makali yamesambaa kwenye damu, aongezewe antibayotiki, oksijeni, dripu, na damu uniti mbili.

Homa ilikuwa 39.2 nami nikaanza kazi. Nikamvua nguo, nikamwachia khanga moja, nikaleta beseni la maji ya bombani na kitambaa, nikawa namfuta kwapani, shingoni, mikononi, huku AC inapuliza juu yake na dripu zinaingia, dripu zenyewe nimezitoa stoo ambako nako kuna AC kwa sababu dawa haziruhusiwi kukaa kwenye joto. Nilifanya vile nilivyofundishwa na nilifanya kwa moyo. Saa nne za usiku homa imeshuka hadi 37.8 nikajisemea afadhali. Nikaenda kumwaga mkojo, mkojo umekuwa mweusi kuliko wa jioni. Nikarudi nikamfuta tena.

Hapa kuna jambo ambalo mpaka leo linaniuma. Binti yake alikuwa amekaa nje kwenye benchi, akaniita mlangoni akaniambia, "Sista, samahani, mama siku hizi mikono yake inakataa barafu. Wiki iliyopita alikuwa anapanga samaki kwenye boksi vidole vikawa vya bluu, mpaka nikamwambia apishe nipange mimi." Nikamwambia sawa mdogo wangu nimekusikia, nikarudi ndani. Sikuandika popote. Nilichukulia ni maneno ya mtu mwenye wasiwasi, mtoto anatafuta sababu ya ugonjwa wa mama yake. Kumbe alikuwa amenipa jibu zima pale mlangoni, bure, hata kabla ya maabara.

Huku ndani vidole navyo vilikuwa vinasema hivyo hivyo. Mikono yote miwili, kuanzia kiungo cha mwisho kwenda kwenye kucha, rangi ya zambarau iliyoiva kabisa kama bilinganya, na ncha ya pua hivyo hivyo, na masikio kwa juu. Miguu sijui maana sikuifunua, na ningeifunua ningeona. Daktari wa zamu akatazama ile 76 kwenye monita, akatazama vidole, akasema huyu anachoka, tuandae mpira wa kupumulia. Nikaenda kuandaa vifaa, na wakati naandaa nikamwomba mama afungue mdomo nitazame meno kama yapo ya kulegea, na nikaona ulimi. Ulimi ulikuwa mweupe, mweupe wa mtu aliyeishiwa damu, lakini haukuwa na bluu hata kidogo. Midomo ya ndani hivyo hivyo. Sasa mtu ambaye oksijeni yake kweli ni 76 ulimi unakuwa wa bluu (japo mwenye damu kidogo sana anaweza kukudanganya, kwa hiyo sio kipimo cha kutegemea peke yake), na huyu alikuwa anaongea na mimi, ananiambia, "Mwanangu, baridi inaniua." Alisema hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Nikadhani ni baridi ya homa.

Wakati huo huo ndio akaingia kijana wa maabara.

Niwarudishe nyuma kidogo. Tangu jioni sampuli yake ya damu ilikuwa imekataliwa mara mbili. Nachukua damu, naweka kwenye kile kichupa cha kifuniko cha zambarau, natikisa taratibu, napeleka, inarudi na karatasi imeandikwa "imeganda, chukua upya". Ile ya pili nilikasirika maana najua kuchukua damu, na huyu mama ana damu ya 5.8 halafu namtoboa tena na tena kumpunguzia hiyo kidogo aliyonayo. Nikachukua ya tatu. Sasa huyu kijana, ambaye ni mgeni hata mwaka hajamaliza, badala ya kuandika "imeganda" mara ya tatu akapanda ngazi mwenyewe na kichupa mkononi. Akaniambia, "Sista, njoo uone kitu, hii damu haijaganda."

Akakiinamisha kichupa kwenye mwanga wa meza ya manesi. Ndani ya kioo damu ilikuwa haiteremki kama damu, ilikuwa na punje punje, kama sembe inapoanza kushikana kwenye maji kabla hujakoroga, punje nyekundu zinatelezea kwenye ukuta wa kichupa na kati yake maji maji ya njano yanaonekana. Kisha akakifumbata kiganjani. Tukasimama hapo kama dakika tano hivi, daktari naye akasogea na glavu zake tayari. Akafumbua mkono, akakiinamisha tena. Punje hazipo. Damu inateremka laini, imejaa rangi, kama ya mtu yeyote. Akakiweka juu ya treya ya chuma ya dawa, pale pale chini ya AC, tukahesabu dakika, na punje zikarudi mbele ya macho yetu.

Damu iliyoganda hairudi kuwa maji kwa kushikwa mkononi. Hiyo ndiyo tofauti, na ni kitu ambacho nesi yeyote anaweza kukiona bila mashine yoyote, kwa kichupa na kiganja.

Kisha akatoa karatasi ya FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu. Alikuwa amejaribu kuipitisha kwenye mashine hivyo hivyo na majibu yalikuwa ya ajabu: idadi ya chembe nyekundu 0.78, ukubwa wa chembe 110, na ile namba ya MCHC, yaani hemoglobini iliyojaa ndani ya chembe, ambayo ya binadamu wa kawaida inacheza kwenye 32 hadi 36, ilikuwa 67. Akasema, "Sista, MCHC 67 haipo duniani, chembe haiwezi kubeba hemoglobini kiasi hicho, haina pa kuiweka." Angeweza kuandika mashine mbovu akaenda kulala, watu wengi wangefanya hivyo saa tano ile ya usiku. Yeye akaweka sampuli kwenye wotabathi, lile beseni la maji yenye joto lililopangwa, nyuzi 37 kwa nusu saa, akaipitisha tena haraka ikiwa ya moto: chembe 1.92, ukubwa 92, MCHC 33. Hb ile ile 5.8. Yaani hemoglobini haikudanganya hata mara ya kwanza, kwa sababu mashine inazipasua chembe kwanza ndio inaipima, ila idadi ilidanganya kwa sababu chembe zilikuwa zimeshikana mashada mashada, na mashine inahesabu shada zima kama chembe moja kubwa. Kuna hesabu ya zamani waliyotufundisha chuoni kwamba Hb ukiizidisha kwa tatu unapata hematokriti, yaani asilimia ya damu ambayo ni chembe nyekundu, kwa karibu. Ile ya baridi haikukubali kabisa, 5.8 mara tatu ni 17.4 na hematokriti ilikuwa 8.6. Ile ya moto ilikubali, 17.7. Siku hizi hiyo hesabu naifanya kwa kila FBP inayopita mkononi mwangu, inachukua sekunde tatu.

Daktari akavua glavu. Akasema neno moja tu, "Zimeni AC."

Nieleze kinachotokea kwenye huu ugonjwa wa kingamwili za baridi, kwa nilivyokuja kuelewa baadaye, maana ukielewa huhitaji kukariri. Mwili wa huyu mama ulipopambana na vidudu vya nimonia ulitengeneza kingamwili, zile za aina ya IgM, ambazo ni kubwa na zina mikono mingi, moja inaweza kushika chembe kadhaa kwa pamoja. Sasa kuna kidudu kinaitwa maikoplazma, nimonia yake inaanza taratibu na kikohozi kikavu, na kingamwili zinazotengenezwa dhidi yake wakati mwingine zinakosea zinashika chembe nyekundu za mwenyewe. Zikiwa kwenye joto la ndani ya mwili, 37, zinakuwa zimelegea hazina neno. Damu ikifika kwenye vidole, pua, masikio, ambako kunapoa, zinakaza, zinashikanisha chembe, damu inakwama kwenye vimishipa vidogo na kidole kinakuwa cha zambarau. Na zikishika zinaita kundi lingine la protini za ulinzi, komplimenti, ambazo zinajibandika kwenye chembe. Damu inarudi ndani kwenye joto, kingamwili inaachia inaondoka, lakini komplimenti imebaki imebandikwa, kama mtu aliyekubandika alama mgongoni akaenda zake, na ini likiona chembe yenye alama linaila. Nyingine zinapasuka humo humo kwenye mshipa na ndio ule mkojo. Kwa hiyo kila nilipomfuta kwa maji ya bombani nilikuwa naongeza idadi ya chembe zinazobandikwa. Homa inashuka, damu nayo inashuka. Usiku ule Hb ilifika 5.1.

Karl Landsteiner, yule yule aliyegundua makundi ya damu mwaka 1901, alishughulika na hizi kingamwili za baridi miaka hiyo hiyo, na mwaka 1904 yeye na mtafiti mwenzake Donath wakaeleza aina nyingine inayofanana nayo ambayo watoto wanaipata baada ya mafua, mtoto anakaa kwenye baridi kisha anakojoa mwekundu. Nalisema hili kwa sababu watu walivyosikia hii stori waliniambia huo ni ugonjwa wa Ulaya kwenye theluji. Hapana. Ugonjwa unahitaji ngozi ipoe tu, na ngozi inaweza kupoa Mtwara Mjini mwezi wa Novemba ukiiweka chini ya AC ya 18 na kitambaa kibichi. Aina ile inayojitegemea, inayowapata zaidi watu wazima sana bila nimonia yoyote, ni adimu kweli, wanakadiria mtu kama mmoja kwa milioni kwa mwaka, lakini hii inayofuata maikoplazma au virusi inaweza kumkuta yeyote.

Sasa kuzima AC ni rahisi kutamka. ICU ni chumba kimoja, kuna kijana wa ajali kichwa kimevimba ambaye joto halimfai, kuna mashine za kupumulia nazo zinapata moto. Tulibishana kidogo. Mwisho tukamhamishia kile chumba cha pembeni tunachotumia kwa wagonjwa wa kutenga, tukaziba tundu la AC kwa kadibodi na plasta, tukafungua dirisha, na joto la Mtwara ambalo tulikuwa tunalikimbia likaingia likafanya kazi. Kipimajoto cha ukutani kilipanda 22, 25, hadi 28. Tukamfunika mablanketi mawili, mikono ndani. Daktari akasema mpira wa kupumulia usubiri, tumpashe mikono kwanza tuone. Nilimshika mkono wa kulia katikati ya mikono yangu miwili kama ninavyomshika mwanangu akitoka kuoga, baada ya kama dakika ishirini nikabana kile kibanio tena. 92. Mawimbi mazuri kwenye monita, yamesimama. Hakuwekewa mpira, hata siku moja.

Tahadhari moja, mtu asije akasoma hapa akachukua chupa ya maji ya moto akaiweka kwenye vidole vile. Kidole ambacho damu haipiti hakisikii vizuri na hakiwezi kupoza moto, kitaungua. Pasha mwili mzima kwa nguo na hewa, vidole vitafuata.

Dripu zote tukazitoa kwenye AC, na ule mpira wa dripu tukaupitisha kwenye kipasha damu ambacho tuliazima thieta. Oksijeni nayo, ile hewa kavu ya baridi inayompuliza puani, tukaiweka kwenye chombo cha kupasha na unyevu. Vitu vya friji marufuku. Homa ikipanda ni panadoli tu, hakuna kitambaa. Nikaandika kwenye karatasi kwa maka nyekundu nikabandika mlangoni: HAKUNA KITU CHA BARIDI HUMU, na niliandika hivyo kwa sababu zamu ya asubuhi inakuja na watu wengine, na tabia ya kumfuta mgonjwa wa homa iko mikononi mwetu, mkono unafanya kabla kichwa hakijafikiri.

Damu ndiyo ilitupa shida kubwa. Benki ya damu walipopima kundi lake chembe zikasema AB na seramu ikasema O, vitu viwili ambavyo haviwezi kukaa kwa mtu mmoja, kwa sababu kila kitu kilikuwa kinashikana na kila kitu. Wakaosha chembe kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, wakapima upya kila kitu kwenye 37, ikatoka O chanya. Kulinganisha na damu za kwenye friji nako hivyo hivyo, kwenye 37. Na sampuli zenyewe zinatakiwa zifike kwao zikiwa za moto, kutoka ICU mpaka maabara ni kupita veranda ndefu, tukawa tunazibeba ndani ya chupa ya chai, ile tamosi ya kawaida, yenye maji ya 37 yaliyopimwa kwa kipimajoto. Binti yake ndiye aliyetupa hiyo tamosi, ni ya mama yake ya kuuzia chai asubuhi pale Feri kabla boti hazijaingia.

Kulikuwa na wazo la kusubiri mpaka ajulikane vizuri kabla ya kumpa damu, maana watu waliogopa. Daktari akapiga simu kwa bingwa wa damu aliyeko Dar, akaambiwa mgonjwa wa 5.1 anayehema hivyo asiachwe afe kwa kusubiri damu kamili, apewe, ila uniti moja moja, taratibu, kwa kipasha damu, na mgonjwa mwenyewe awe wa moto. Tukampa moja kwa karibu saa nne nikiwa nimekaa pembeni, kila robo saa napima. Mpira kutoka kwenye kipasha hadi mkononi niliufupisha na kuufunga kwa taulo, maana damu ikitembea polepole kwenye mpira mrefu inapoa tena njiani. Na tafadhali, damu haipashwi kwenye beseni la maji ya moto, wala ndugu haambiwi aikumbatie. Ikipita nyuzi 42 chembe zinapasuka kwenye mfuko na utamwingizia mgonjwa kitu kile kile unachomtibu.

Kwenye dawa nitapita haraka kwa sababu dawa zilikuwa chache. Seftriaksoni inavunja ukuta wa bakteria na maikoplazma hana ukuta, ndio maana alilala siku mbili bila nafuu, akawekwa azithromaisini. Foliki asidi kila siku, maana uboho unatengeneza chembe mpya kwa kasi na unamaliza akiba. Enoksaparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, dozi ndogo ya kinga, kwa sababu hawa watu damu yao inaweza kweli kuganda kwenye miguu na mapafu, hasa wakilala kitandani. Haidrokotizoni, ambayo ni steroidi, ilikuwa imeshaanzishwa na yule bingwa akasema aachishwe, hii aina ya baridi steroidi haisaidii sana kama inavyosaidia ile aina ya joto, ambayo kingamwili zake zinashika chembe hata kwenye 37, na kutoa bandama vile vile haisaidii maana anayekula chembe hapa ni ini. Alisema rituksimabu, dawa ya kupunguza seli zinazozaa hizo kingamwili, ni kwa wale ambao ugonjwa hauondoki, hasa wazee, ambao lazima watafutiwe na saratani ya tezi za limfu, limfoma. Ipo na dawa ya kuizuia komplimenti yenyewe, sutimlimabu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2022, mimi huku sijawahi kuiona. Huyu wetu alihitaji joto na muda.

Siku ya pili akaja dada yake kutoka Newala. Newala iko juu kule uwandani na kipupwe chake cha Juni na Julai ni cha sweta kweli, kwa hiyo alikuja na vitu ambavyo sisi wa mjini hatuna: soksi nene mbili, kofia ya kufuma inayofunika masikio, na sweta la kijani la kiume. Nilimwona anamvalisha mdogo wake ile kofia, anaivuta taratibu mpaka ikafunika masikio yote mawili huku anaongea naye Kimakonde kwa sauti ya chini, na mama wa watu akafumba macho akalala, usingizi wa kwanza tangu aje. Masikio tulikuwa tumeyasahau. Mablanketi tuliyaweka mpaka mabegani, mikono ndani, miguu ndani, na masikio yako nje yanabadilika rangi mbele yetu. Dada yule hakuwa amesoma udaktari.

Siku ya nne nikaingia zamu asubuhi, kabla sijasalimia mtu nikaenda kuangalia mfuko wa mkojo. Njano. Njano ya kawaida kabisa. Hb 7.0 baada ya uniti mbili na ikabaki hapo hapo haikushuka. Siku ya nane akatoka ICU kwenda wodini, anatembea, na kabla hajaondoka nikaenda mwenyewe kuongea na manesi wa wodini nikawakabidhi karatasi ya mlangoni pamoja na mgonjwa. Majibu tuliyotuma Dar yalikuja baadaye, Kumbsi, kipimo cha kuona nini kimebandikwa kwenye chembe, chanya kwa C3d ambayo ni kipande cha komplimenti, hasi kwa IgG ambayo ni kingamwili ya aina nyingine, ambavyo ndivyo inavyokuwa kwa hii ya baridi.

Yule binti nilimtafuta kabla hawajaondoka. Nilimwambia, "Mdogo wangu, ulichoniambia mlangoni usiku ule ndio kilikuwa ugonjwa wenyewe na mimi sikukuandika, naomba unisamehe." Akatazama chini akasema, "Haya sista, mama yuko mzima." Tangu siku hiyo kwenye faili zangu nina mstari mmoja naouandika kwa mkono, ndugu amesema nini, na nauandika kwa maneno yao yale yale, hata kama naona hayana maana.

Wiki ya sita alikuja kliniki. Amenawiri, Hb 11.2, ameniletea changu wawili kwenye mfuko. Kijana wa maabara akachukua damu kwenye kichupa cha zambarau, na badala ya kukiweka kwenye tamosi akakilaza kwenye treya ya chuma chini ya AC, tukasimama watatu tukikitazama, mimi, yeye na mama mwenyewe. Dakika tano. Kumi. Akakiinamisha kwenye mwanga na damu ikateremka laini kwenye kioo, haikuacha punje hata moja.

"Ndiyo kusema naruhusiwa barafu?" mama akauliza.

Nikamwambia bado kidogo mama, mpaka mwisho wa mwezi huu samaki apange binti, na wewe ukae kwenye hesabu. Akacheka, akasema hesabu ndiyo kazi ngumu kuliko barafu, akachukua tamosi yake kwenye meza yetu akaondoka nayo.